Obadia na hukumu juu ya Edomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hupita kitabu cha Obadia wakiwa njiani kutoka Amosi kwenda Yona. Wachache wanaosimama kukisoma huinuka na maswali yale yale, na hayo ndiyo yamekusanywa hapa. Namba za mistari zisizotanguliwa na jina la kitabu ni za Obadia mwenyewe.

## Mambo ya msingi

Kitabu cha Obadia kinahusu nini?

Kinahusu hukumu ya Mungu juu ya Edomu, taifa lililopakana na Yuda upande wa kusini na mashariki. Ndicho kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale: sura moja, mistari 21. Kinaanza na kiburi cha Edomu (1–4), kinaendelea na jinsi nchi hiyo itakavyoporwa na kusalitiwa na washirika wake (5–9), kinataja kosa lenyewe (10–14), kisha kinageukia siku ya Bwana juu ya mataifa yote na kurejea kwa watu wa Sayuni kwenye nchi yao (15–21).

Ukikisoma kwa haraka utakiona kama laana ya mtu mwenye uchungu dhidi ya adui yake. Rudia mistari ya 10 hadi 14 polepole. Hapo ndipo penye kiini cha kitabu, na anayeshtakiwa hapo anaitwa ndugu.

Obadia huyu ndiye yule aliyewaficha manabii siku za Ahabu?

Hakuna sababu ya kuwaunganisha zaidi ya jina. Yule wa 1 Wafalme 18 alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, katika karne ya 9 KK, naye aliwaficha manabii mia katika mapango, hamsini hamsini, akawalisha. Mapokeo ya Kiyahudi yalimfanya kuwa ndiye mwandishi wa kitabu, tena yakasema alikuwa Mwedomi aliyeingia katika imani ya Israeli, hivyo hukumu ya Edomu ikatoka kinywani mwa mwana wa Edomu. Ni wazo lenye nguvu, lakini kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Hakitaji baba yake, mji wake wala mfalme wa wakati wake. Jina Obadia lilikuwa la kawaida, na Agano la Kale lina watu kadhaa walioitwa hivyo.

Edomu ilikuwa wapi?

Katika nyanda za juu kusini mashariki mwa Bahari ya Chumvi, sehemu ambayo leo iko kusini mwa Yordani. Mpaka wake wa kaskazini ulikuwa bonde la Zeredi, linaloitwa sasa Wadi al-Hasa, na kusini nchi iliteremka kuelekea ghuba ya Akaba. Biblia huiita pia Seiri, au mlima wa Esau. Mji wake mkuu ulikuwa Bosra, ambao magofu yake yako Buseirah, kusini mwa mji wa Tafila.

Milima yake hupanda zaidi ya mita 1,500, na upande wa magharibi inakatika ghafla kuelekea bonde la Araba. Ni nchi ya majabali ya mchanga mwekundu, makorongo membamba na vilele vinavyofikiwa kwa njia moja tu. Utajiri wake ulitokana na shaba ya Feinani, ambayo Biblia huiita Punoni, na misafara ya biashara iliyotoka Arabuni. Njia kuu ya mfalme inayotajwa katika Hesabu 20 ilipita humo. Anayetaka kuelewa jeuri ya mstari wa 3, ya watu wakaao katika mapango ya majabali na kuuliza nani atawashusha, aanze na sura ya nchi hii.

Kwa nini Edomu wanaitwa ndugu wa Israeli?

Kwa sababu Biblia inawahesabu kuwa uzao wa Esau, pacha wa Yakobo. Mwanzo 25 inasimulia mapacha waliosukumana tumboni mwa Rebeka, na Esau aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na chakula cha dengu. Mwanzo 27 inaeleza baraka iliyochukuliwa kwa hila. Wengi huishia hapo, wakaisahau sura ya 33, ambapo Esau anamkimbilia Yakobo, anamkumbatia, anambusu, na wote wawili wanalia.

Undugu huo uliingia hadi kwenye sheria. Kumbukumbu la Torati 2 inawaambia Waisraeli wasiwachokoze wana wa Esau, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyempa Esau mlima Seiri uwe milki yake. Chakula na maji wavinunue kwa fedha. Sura ya 23 inakataza kumchukia Mwedomi, na sababu inayotolewa ni moja: yeye ni ndugu. Wajukuu wa Mwedomi waliruhusiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Wamoabu na Waamoni hawakupewa nafasi hiyo. Ndiyo maana Obadia anapotaja kosa katika mstari wa 10 anasema ni udhalimu aliotendwa ndugu yako Yakobo.

## Kosa la Edomu

Edomu walifanya nini hasa?

Mistari ya 11 hadi 14 inaorodhesha matendo kwa utaratibu unaozidi kuwa mbaya. Kwanza walisimama kando wageni walipoingia malangoni na kuupigia Yerusalemu kura. Kisha wakatazama msiba wa ndugu yao. Wakaufurahia. Wakatamka maneno ya majivuno. Wakaingia mjini, wakanyosha mikono juu ya mali. Mwishowe wakasimama penye njia panda kuwakata waliokuwa wakikimbia, na waliosalia wakawatia mikononi mwa adui.

Kwa Kiebrania makatazo haya yamepangwa manane mfululizo, na neno siku limerudiwa mara kumi katika mistari hiyo minne: siku ya ndugu yako, siku ya maangamizi yao, siku ya dhiki. Ni kama kengele inayogongwa bila kukoma. Nabii anamrudisha msomaji kwenye siku moja ile ile na kumwuliza Edomu alikuwa wapi na alifanya nini. Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Obadia anampima ndugu kwa kipimo hicho.

Siku hiyo ilikuwa ipi?

Wasomi wengi wanaona ni kuanguka kwa Yerusalemu mbele ya Nebukadreza wa Babeli, mwaka 587 au 586 KK. Maelezo ya Obadia yanalingana na tukio hilo: mji kuingiliwa, mali kutwaliwa, watu kupelekwa uhamishoni. Pia yanaoana na sauti nyingine zilizobeba uchungu ule ule. Zaburi 137 inawakumbuka wana wa Edomu waliosema "Bomoeni!" siku ya Yerusalemu. Maombolezo 4 inamwambia binti Edomu afurahi kwa sasa, maana kikombe kitamfikia na yeye. Ezekieli 25 na 35 zinawashtaki kwa kisasi na uadui wa siku zote.

Wapo wanaokirudisha kitabu nyuma hadi karne ya 9 KK, siku za mfalme Yehoramu wa Yuda, Edomu walipoasi (2 Wafalme 8) na Wafilisti na Waarabu walipoivamia Yuda na kupora nyumba ya mfalme (2 Mambo ya Nyakati 21). Hoja yao kubwa ni kwamba Obadia haitaji Babeli wala kuchomwa kwa hekalu. Hoja ina uzito wake. Hata hivyo, ukiweka Obadia kando ya Maombolezo na Zaburi 137, ni vigumu kuamini kwamba hazizungumzii jeraha moja, na majibu ya ukurasa huu yanafuata msimamo huo.

Je, ni kweli Waedomu ndio waliochoma hekalu?

Maneno hayo yapo katika 1 Esdra, kitabu kisichokuwemo katika Biblia nyingi za Kiswahili, na watu huyasikia kwa wahubiri bila kuambiwa yametoka wapi. 2 Wafalme 25 inasema wazi kwamba aliyeichoma nyumba ya Bwana ni Nebuzaradani, amiri wa askari walinzi wa mfalme wa Babeli, na sura hiyo haiwataji Waedomu hata mara moja. Obadia naye hawashtaki kwa kuchoma hekalu. Tusiwaongezee Waedomu kosa ambalo mshtaki wao mwenyewe hakulitaja. Yaliyoandikwa yanatosha.

Kusimama kando tu ni kosa la kuangamizia taifa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya kushangaa, na linastahili jibu refu kuliko mengine.

Tazama jinsi mstari wa 11 unavyoishia. Baada ya kusema Edomu ilisimama kando, nabii anaongeza kwamba ilikuwa kama mmojawapo wa wale wavamizi. Babeli ilikuwa na jeshi, zana za kuzingira na amri ya mfalme wake. Edomu haikuvunja ukuta wowote. Hata hivyo katika kitabu hiki Babeli haipewi hata jina, na mtu aliyesimama pembeni akitazama ndiye anayeitwa mbele.

Kuna jambo linalofanya kusimama huko kuwe kuzito zaidi. Yeremia 27 inasimulia kwamba katika utawala wa Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, wajumbe wa wafalme wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni walikuwa wamefika Yerusalemu, wakati mataifa hayo yakifikiria kuikataa nira ya Babeli. Miaka michache baadaye Yerusalemu ilibaki peke yake. Sasa msome Obadia mstari wa 7, ambapo Edomu inaambiwa kwamba watu wote wa mapatano yake wataisukuma hadi mpakani, na wale wanaokula mkate wake watamtegea mtego. Adhabu imekatwa kwa kipimo cha kosa, na mstari wa 15 unalisema hilo bila kuficha: kama ulivyotenda, ndivyo utakavyotendwa.

Tena kosa halikuishia kwenye kutazama. Mstari wa 14 unahusu njia panda. Waliotoka Yerusalemu wakikimbia kuelekea kusini na mashariki walipaswa kupita njia ambazo Waedomu walizijua vizuri kuliko mtu yeyote, na ndipo waliposimamishwa. Msomaji wa Rwanda aliyeishi mwaka 1994, au wa Bonde la Ufa nchini Kenya aliyesafiri mwanzoni mwa 2008, hahitaji kufafanuliwa maana ya kizuizi barabarani ambacho anayekilinda ni jirani yako. Anaujua mstari huu.

Mbona na Israeli waliwaonea Edomu?

Waliwaonea, na Biblia haijaficha. Daudi aliitiisha Edomu na kuweka askari wa ulinzi katika nchi yote (2 Samweli 8). 1 Wafalme 11 inaongeza kwamba Yoabu, jemadari wa Daudi, alikaa huko miezi sita hata akawakatilia mbali wanaume wa Edomu. Kijana Hadadi wa ukoo wa kifalme alikimbilia Misri, akaja kuwa adui wa Sulemani. Karne mbili baadaye Amazia, mfalme wa Yuda, aliwapiga Waedomu 10,000 katika Bonde la Chumvi, na 2 Mambo ya Nyakati 25 inasema wengine 10,000 walichukuliwa hai, wakaangushwa kutoka kilele cha jabali.

Kwa hiyo Mwedomi aliyepiga kelele "Bomoeni!" alikuwa na kumbukumbu zake. Obadia hazitaji, labda kwa sababu aliyekuwa akilia siku hiyo alikuwa Yerusalemu. Ila anayefundisha kitabu hiki leo anapaswa kuzitaja, la sivyo anawapa wanafunzi wake upande mmoja wa ugomvi wa familia. Amosi, aliyemhukumu Edomu kwa kumfuatia ndugu yake kwa upanga na kutupilia mbali huruma (1:11), hakuishia hapo: baada ya kuwazunguka majirani wote aligeuka na kuwahukumu Yuda na Israeli kwa maneno ya namna ile ile.

Kuna ushahidi wowote nje ya Biblia?

Upo, na mwingi umetoka kwenye udongo wa Negebu, eneo kame la kusini mwa Yuda. Katika ngome ya Aradi, iliyochimbwa na Yohanan Aharoni kati ya 1962 na 1967, vilipatikana vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za kijeshi za miaka ya mwisho ya ufalme wa Yuda. Kimojawapo kinaamuru askari wapelekwe haraka Ramath-Negebu, Edomu wasije wakafika huko. Hofu ya mpaka wa kusini ilikuwa kweli.

Huko huko Negebu, mahali paitwapo Horvat Qitmit, palifukuliwa madhabahu yenye sanamu na maandishi yanayomtaja Kosi, mungu wa Edomu. Maana yake ni kwamba Waedomu, au angalau dini yao, walikuwa wameshaingia upande wa Yuda karibu na wakati ule. Hilo linaangaza Ezekieli 35:10, ambapo Edomu inasema mataifa yote mawili na nchi zote mbili zitakuwa zake. Pamoja na chuki kulikuwa na tamaa ya ardhi.

Upande wa Edomu yenyewe, mwanaakiolojia Crystal Bennett alichimba Umm al-Biyara, jabali linalosimama juu ya Petra, mji wa kale uliochongwa katika majabali, na baadaye Bosra. Juu ya jabali lile alipata nyumba za Waedomu na alama ya muhuri wa Kos-Gabr, mfalme wa Edomu ambaye anatajwa pia katika kumbukumbu za Waashuri za karne ya 7 KK.

## Maneno ya kitabu

"Kiota kati ya nyota" maana yake nini?

Mstari wa 4 unasema hata Edomu ikipanda juu kama tai na kuweka kiota chake kati ya nyota, Bwana ataishusha kutoka huko. Ni picha iliyotoka kwenye mandhari yao (tazama swali la Edomu ilikuwa wapi). Mji uliojengwa juu ya jabali lenye mteremko wa pande zote ulihitaji walinzi wachache tu. Usalama wa namna hiyo ukizoeleka, mtu huacha kuuliza kama anatenda haki. Mstari wa 3 unasema kiburi cha moyo kimewadanganya.

Mstari wa 5 unafuata kwa mfano wa wezi na wachuma zabibu: mwizi huchukua kinachomtosha, na mchumaji huacha masazo. Watakaoijia Edomu hawataacha kitu.

Kwa nini Obadia anafanana sana na Yeremia 49?

Kwa sababu sehemu kubwa ya Obadia 1–9 imo pia katika Yeremia 49:7–22, mahali pengine karibu neno kwa neno ila kwa mpangilio tofauti. Inawezekana mmoja alimchukua mwenzake, au wote wawili walitumia unabii wa zamani uliokuwa ukijulikana. Hili la mwisho lina mashiko zaidi kwangu, kwa kuwa mstari wa 1 wenyewe unasema "tumepata habari kwa Bwana", kana kwamba nabii anapokea neno ambalo wengine nao wamelisikia. Asichokuwa nacho Yeremia ni mistari ya 10 hadi 14. Mashtaka ya ndugu ni ya Obadia.

Wanaochunguza mahusiano haya wasome pia Yoeli 2:32, inayotaja wokovu katika mlima Sayuni "kama Bwana alivyosema". Maneno hayo yanaelekea Obadia 17.

Kwa nini nabii aseme na taifa ambalo halimsikilizi?

Hotuba juu ya mataifa ni aina ya unabii iliyozoeleka. Zimo katika Isaya 13–23, Yeremia 46–51, Ezekieli 25–32 na Amosi 1–2, na Nahumu mzima unaihusu Ninawi. Hatuna habari kwamba Obadia alipanda milima ya Seiri kwenda kuyasoma maneno haya mbele ya mfalme. Waliosikia kwanza walikuwa Wayahudi waliosalia katika magofu au waliokuwa uhamishoni, watu waliokuwa na kila sababu ya kudhani kwamba Mungu wao ameshindwa na miungu ya Babeli, na kwamba walioshangilia wameshangilia bure bila kuulizwa. Kwao, kusikia kwamba tukio lile la njia panda lilionwa na kuandikwa lilikuwa jambo kubwa.

## Kutimia kwake

Je, unabii huu ulitimia?

Edomu kama ufalme ilitoweka, lakini haikutoweka kwa siku moja wala kwa namna moja.

Pigo linaloonekana wazi zaidi lilitoka kwa wale wale Wababeli. Katikati ya karne ya 6 KK, yapata mwaka 553, mfalme Nabonidus alipita Edomu akielekea Arabuni. Kwenye uso wa jabali la Sela, karibu na Bosra, imechongwa sanamu ya mfalme wa Babeli pamoja na maandishi ya kikabari, mwandiko wa kale wa Babeli, ambayo wataalamu wanamhusisha nayo. Mfalme mgeni alijichora juu ya ukuta wa jabali lililokuwa ngome ya Waedomu. Ukisimama chini yake na Obadia 3 mkononi, huhitaji mhubiri.

Malaki 1, baada ya uhamisho, inaizungumzia milima ya Esau kama iliyokwisha kuwa ukiwa. Kufikia mwaka 312 KK Wanabatea, watu wa asili ya Arabuni, walikuwa wamekwisha kushika eneo la Petra. Majengo yale ya kuchongwa ambayo watalii huyapiga picha ni yao. Si ya Waedomu, ingawa mahubiri mengi huonyesha picha hizo yakisema hivyo.

Waedomu wenyewe walienda wapi?

Wengi walihamia kusini mwa Yuda, Hebroni na Maresha, eneo lililoitwa baadaye Idumaya. Marko 3:8 inawataja watu wa Idumaya kati ya waliomfuata Yesu. Mwishoni mwa karne ya 2 KK Yohana Hirkano, mtawala wa Kiyahudi, aliwashinda na kuwaruhusu wakae katika nchi yao kwa sharti la kutahiriwa na kufuata sheria ya Kiyahudi, kama anavyoeleza Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1 BK. Katika vita vya Wayahudi na Warumi, kabla ya hekalu kuharibiwa mwaka 70 BK, maelfu ya Waidumaya waliingia Yerusalemu wakiwa na silaha, safari hii wakiwa ndani ya ugomvi wa Wayahudi wenyewe. Baada ya vita hivyo jina lao linapotea katika historia kama taifa.

Herode alikuwa Mwedomi?

Baba yake Antipatro alikuwa Mwidumaya, kwa hiyo kwa ukoo Herode Mkuu anatoka huko. Alitawala Uyahudi kuanzia 37 hadi 4 KK kwa idhini ya Roma. Wengi huona ajabu kwamba mwana wa Esau alikaa kwenye kiti cha Yerusalemu na kulijenga upya hekalu. Obadia hakutabiri hilo, na tusimlazimishe.

Sefaradi ya mstari wa 20 ni wapi?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni Sardi, mji mkuu wa Lidia katika Uturuki ya leo, ambao kwa Kiaramu uliitwa kwa jina linalokaribiana sana na hilo. Wayahudi wa baadaye walilielewa kuwa Hispania, na ndiyo asili ya jina la Wayahudi wa Kisefaradi. Mistari ya 19 na 20 inagawa nchi, kuanzia Negebu hadi Sarepta kaskazini, kwa watu walionyang'anywa.

## Maswali magumu

Malaki inasema Mungu alimchukia Esau. Basi Waedomu walikuwa na nafasi gani?

Malaki 1:2–3, inayorudiwa na Paulo katika Warumi 9:13, inazungumzia uchaguzi wa Mungu juu ya mataifa mawili, na inasemwa kwa Waisraeli waliokuwa wakiuliza "umetupendaje?" Wasomaji hutofautiana juu ya uzito wa neno lenyewe. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba Obadia hamhukumu Edomu kwa kuzaliwa kwa Esau. Anamhukumu kwa matendo, moja baada ya jingine, yenye siku na mahali. Na sheria iliyokataza kumchukia Mwedomi ilibaki ndani ya maandiko yale yale.

Waedomu wote walihusika?

Hapana, na hapa ndipo Yeremia 40:11 inapopaswa kusomwa kando ya Obadia. Inasema Wayahudi waliokuwa Moabu, Amoni na Edomu walisikia kwamba mabaki wameachwa Yuda, wakarudi. Walikuwa Edomu wakifanya nini? Walikimbilia huko. Katika miezi ile ile ambayo Waedomu fulani walisimama penye njia panda, Waedomu wengine waliwapa wakimbizi mahali pa kulala. Natamani kila anayehubiri Obadia angeusoma mstari huo kwa sauti kabla ya kuanza. Nabii anasema na taifa kama taifa, na ndivyo unabii ulivyokuwa. Mlango uliofunguliwa usiku kwa mkimbizi haukuingia kwenye hotuba yake, lakini uliingia kwenye Biblia.

Edomu ni nani leo?

Hakuna taifa la leo linaloweza kuitwa Edomu. Baada ya mwaka 70 BK walimu wa Kiyahudi walitumia jina hilo kuitaja Roma iliyowaangamiza, kisha likahamia kwa Ukristo wa Ulaya. Wengine wameliweka juu ya Waarabu, Waturuki, hata kabila la jirani. Kila mara jina limevishwa yule ambaye msemaji anamwogopa.

Nasema hili kwa uzito: kuchukua kitabu kinacholaani ukatili dhidi ya ndugu na kukifanya sababu ya kumchukia jirani ni kukigeuza kinyume chake. Ukisikia mhubiri akitaja kabila au dini fulani kuwa Edomu, mwombe akuonyeshe mstari. Hautakuwepo.

Naweza kumwombea adui yangu hukumu kwa maneno ya Obadia?

Aliyeteswa ana ruhusa ya kumlilia Mungu kwa uchungu wake wote. Zaburi 137 imo katika Biblia kwa ajili yake, na asikaripiwe na watu ambao hawajafiwa. Ila angalia kwamba Obadia hakabidhi upanga kwa msomaji wake ili aende akalipize leo. Moto wa mstari wa 18 uko katika lugha ya siku ya Bwana, na kitabu kinafungwa kwa kusema ufalme utakuwa wa Bwana. Hukumu imeachwa mikononi mwake.

Obadia ametajwa katika Agano Jipya, au husomwa ibadani?

Hakuna mahali ambapo Agano Jipya linamnukuu moja kwa moja. Wayahudi wengi, hasa Wasefaradi, husoma kitabu chote katika sinagogi kwenye Sabato ambayo fungu la Torati ni Mwanzo 32:3 hadi mwisho wa sura ya 36, yaani kukutana kwa Yakobo na Esau pamoja na vizazi vya Esau. Kikundi kinachotaka kukisoma kwa kikao kimoja kinaweza kufuata njia hiyo hiyo: Mwanzo 33 kwanza, kisha Kumbukumbu la Torati 23:7–8, Obadia mzima, na Yeremia 40:11–12.